Tupeni hologramu mbichi, picha za rangi mbaki nazo

Haya basi wasomaji, leo sina habari za simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Leo nina ugomvi. Nimeuweka moyoni muda mrefu na sasa umeiva.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kuna mashine za kupimia ambazo sehemu kubwa ya kupima inafanywa na programu. Anayeuza mashine anaifunga programu hiyo usione ndani, programu inatupa data iliyotoka kwenye kamera, na wewe mnunuzi unaachiwa picha ya rangi yenye milima na mabonde. Unaibandika kwenye ripoti na kuandika chini yake nanomita kadhaa. Nasema hicho si kipimo. Hayo ni maneno ya muuzaji yaliyopakwa rangi. Na wanaonunua bila kudai data mbichi, wakiwemo wakuu wa maabara na ofisi za ununuzi za vyuo vyetu, wanatoa pesa za umma kununua maneno.

Mfano wangu ni hadubini ya holografia ya kidijitali, inayotumika kupima umbo la nyuso ndogo sana na jinsi zinavyotetema. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza ni mashine ya ajabu kweli, na anayependa teknolojia atafurahi kuijua. Pili, roho yake ni programu, na programu ndiyo kazi yangu. Mimi si mwanafizikia. Shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta na ugali wangu naupata kwa kuandika programu. Kwa hivyo atakayeniambia "hayo waachie watu wa fizikia" ajue kwamba nusu ya mashine hii iko upande wangu wa meza.

MASHINE INAFANYA NINI

Hadubini ya kawaida inakuonyesha wapi pana mwanga na wapi pana giza. Haikuambii pale pameinuka kiasi gani. Kamera yoyote, hata ile ya simu yako, inahesabu mwanga mwingi au mchache, basi. Lakini mwanga ni wimbi, na wimbi lina jambo la pili mbali na nguvu yake: limefika wapi katika mzunguko wake? Linapanda au linashuka? Hilo huitwa fazi. Mwanga ukigonga mahali palipoinuka unarudi mapema kidogo, ukigonga shimo unachelewa, na uchelewaji huo unaandikwa kwenye fazi. Shida ni kwamba kamera haioni fazi.

Mtu aliyepata dawa ni Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya British Thomson-Houston mjini Rugby, Uingereza. Ilikuwa mwaka wa 1947, akitafuta namna ya kuboresha hadubini ya elektroni. Wazo lake ni rahisi kulieleza: lete wimbi la pili lililo safi, lichanganye na lile linalotoka kwenye kitu, kisha piga picha ya mchanganyiko. Vilele vya mawimbi mawili vikikutana panang'aa, kilele kikikutana na bonde panakuwa giza. Michirizi hiyo ya mwanga na giza sasa imebeba fazi, na kamera inaiona vizuri tu. Gabor aliiita hologramu, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya maandishi ya kitu kizima. Lishikeni neno hilo, kizima, maana tutalihitaji. Mwaka wa 1971 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Gabor hakuwa na leza, kwani leza ya kwanza iliwaka mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba ukiinamisha kidogo ule mwale safi, picha unayoitaka inajitenga na takataka zinazoandamana nayo. Mwaka wa 1965, hukohuko Michigan, Robert Powell na Karl Stetson walitumia holografia kuona mitetemo. Mwaka huohuo James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kukokotoa badiliko la Fourier, ile ambayo kila aliyesomea kompyuta ameitolea jasho chumba cha mtihani. Miaka miwili tu baadaye, 1967, Joseph Goodman na R. W. Lawrence walinasa hologramu kwa kamera ya elektroniki na kuigeuza kuwa picha ndani ya kompyuta, bila kuimulika tena kwa mwanga. Mwaka wa 1994 Ulf Schnars na Werner Jüptner wa Ujerumani walifanya hivyo kwa kamera ya CCD. Mwaka wa 1999 Etienne Cuche, Frédéric Bevilacqua na Christian Depeursinge, huko Uswisi, walionyesha kwamba hologramu moja tu inatosha kutoa fazi kwa tarakimu.

Mnauona mwelekeo? Kila hatua inachukua kazi kutoka kwa vioo na kuihamishia kwenye kompyuta. Leo mashine hii ni leza, kioo cha kugawa mwale, lenzi, kamera na kompyuta. Inapiga picha moja na kupata umbo la eneo lote kwa mkupuo, bila kupandisha na kushusha lenzi. Hata kama lenzi haikulenga sawasawa, unalenga baadaye kwa hesabu. Hiyo ndiyo sehemu iliyonivutia mimi: kulenga hadubini wiki moja baada ya kuizima.

Na vitu vinavyopimwa si vya mchezo. Kihisi kinachoiambia gari kwamba limegongwa, ili mfuko wa hewa ufumuke, ni kipande kidogo cha silikoni chenye sehemu inayoyumba. Vile vinavyogeuza skrini ya simu yako unapoilaza ni ndugu zake. Wanaovitengeneza wanataka kujua sehemu hiyo imekaa wapi na inayumba kiasi gani, kwa nanomita. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

NAMBARI INAPIKWA WAPI

Sasa tuingie jikoni. Tangu kamera mpaka ripoti, mambo yanakwenda hivi:

1. Kamera inatoa hologramu. Ni picha ya kijivu iliyojaa michirizi, ukiitazama kwa macho huambulii kitu.
2. Programu inafanya badiliko la Fourier, inakata sehemu moja na kutupa zilizobaki. Ukubwa wa mkato huo kuna mtu aliyeuchagua.
3. Inalenga kwa hesabu na kutoa fazi.
4. Inaondoa mwinamo na mkunjo ambao lenzi imeuongeza.
5. Inahesabu fazi imezunguka mara ngapi, kisha inaigeuza kuwa kimo.
6. Inalainisha, inaziba mapengo, inapaka rangi.

Hatua ya 1 pekee ndiyo iliyoandikwa na mwanga wenyewe. Kuanzia ya 2 hadi ya 6 ni maamuzi ya mwandikaji programu kama mimi, mwenye tarehe ya kumaliza kazi na bosi mlangoni. Sisemi ni maamuzi mabaya. Nasema ni maamuzi, na aliyepewa jibu ana haki ya kuyaona.

Chukua hatua ya 5. Leza nyekundu ya heliamu na neoni ina urefu wa wimbi wa nanomita 632.8. Mwanga unakwenda na kurudi, kwa hivyo fazi inamaliza mzunguko mmoja kila kimo kinapoongezeka kwa nusu ya hapo, nanomita 316.4, kisha inaanza upya. Maana yake ni kwamba kipandio cha nanomita 50 na kipandio cha nanomita 366.4 vinatoa fazi ileile, bila tofauti hata chembe. Ni kama saa ya ukutani. Inakuambia ni saa tatu, lakini kama ni asubuhi au usiku inakubidi uchungulie dirishani.

Programu inachungulia wapi? Inakisia. Inachukulia kwamba pikseli mbili jirani hazipishani zaidi ya nusu mzunguko, yaani nanomita 158.2. Kwenye uso laini dhana hiyo ni kweli. Kwenye ukingo wa kipandio, kwenye mkwaruzo, kwenye chembe ya vumbi, si kweli. Na kosa halikai pale lilipozaliwa. Programu inajumlisha kutoka pikseli hadi pikseli, kwa hivyo ikikosea mzunguko mmoja, kila kilicho mbele yake kinaweza kupanda au kushuka kwa nanomita 316.4. Algorithimu za kuzuia hilo ni nyingi. Goldstein, Zebker na Werner walichapisha yao mwaka wa 1988, na zimefuata nyingine kadha wa kadha. Kwenye uso mgumu, algorithimu mbili zinaweza kutoa milima miwili tofauti kutoka hologramu moja. Ukitazama ile picha ya rangi, utajua ni ipi iliyotumika? Hutajua.

Kuna ujanja wa kutumia leza mbili. Ukichukua nanomita 660 na 680, ukizidisha na kugawanya kwa tofauti yake, unapata wimbi la kubuni la nanomita 22,440, na sasa mzunguko unajirudia kila mikromita 11.2 hivi. Safi sana. Ila makosa madogo ya fazi nayo yanakuzwa mara 33 hivi. Kwa hivyo programu hutumia wimbi refu kuhesabu mizunguko na wimbi fupi kupata undani. Makosa yakizidi, inachagua mzunguko usio wake, kisha hatua ya 6 inakuja na pasi yake na kunyoosha kila kitu mpaka kovu lisionekane.

Hatua ya 4 ndiyo inayoniudhi zaidi. Programu huondoa mwinamo na mkunjo kwa kukisia kwamba uso wako kwa jumla ni bapa. Sasa tuseme unapima utando mwembamba ambao kweli umebinuka kidogo, na kubinuka huko ndiko unakotafuta. Programu itadhani ni kosa la lenzi na kuunyoosha. Utapata utando uliolala kama maji ndani ya beseni, na utashukuru. Wote tumewahi kununua mahindi kwa gorogoro iliyobonyezwa chini. Ukiiangalia kwa juu imejaa mpaka inamwagika. Mjuzi huipindua kwanza. Basi na mimi nasema tuipindue gorogoro.

Mtetemo nao una mambo yake. Kifaa kinatetema mara milioni moja kwa sekunde, kamera haiwezi kukifuata. Dawa ni kuimwesha leza kwa mapigo yanayokwenda sambamba na mtetemo. Mzunguko mmoja unachukua mikrosekunde moja, mmweko unadumu nanosekunde 50, na kamera ikikaa wazi milisekunde moja inajumlisha mimweko 1,000 kana kwamba kifaa kimeganda. Unausogeza mmweko kidogo, unapiga tena, mpaka upate mzunguko mzima. Ni akili nyingi. Lakini inategemea kifaa kurudia mwendo uleule mara zote 1,000. Kikiyumba ovyo, kila picha inakuwa wastani wa mambo mengi, na programu itakuonyesha filamu ya mawimbi mazuri yanayopanda na kushuka. Tena kati ya picha moja na inayofuata, sehemu yoyote ya uso isisogee zaidi ya nanomita 158.2 kwa leza ileile nyekundu, la sivyo tunarudi kwenye saa ya ukutani. Kwenye hologramu mbichi dalili zipo: michirizi inafifia pale mwendo usipojirudia. Kwenye filamu iliyopikwa dalili zimekwenda na maji.

SI NADHARIA TUPU

Kuna maabara moja ninayoijua, sitaitaja. Walikuwa na mashine ya aina hii, na programu yake haifunguki mpaka uchomeke kijiti cha USB cha leseni. Kijiti kikafa. Miaka kadhaa ya vipimo ikabaki ndani ya faili za muundo wa siri. Nikaombwa nisaidie. Faili zenyewe hazikuwa ngumu, siku mbili tatu nikawa nasoma vimo vyote. Tatizo likaja baadaye. Mwanafunzi wa uzamili aliulizwa na msimamizi wake swali la haki kabisa: umejuaje kwamba kipandio hiki hakikukosewa mzunguko mmoja? Tukatafuta hologramu ili turudie hesabu. Hazikuwemo. Programu ilikuwa ikizitupa kila baada ya kipimo. Sampuli zenyewe zilishakatwa kwa majaribio mengine. Kwa hivyo jibu la swali lile halipo duniani. Kazi ya mtu ya miaka miwili imesimama juu ya neno la programu isiyoweza kuulizwa.

Anayedhani programu ndani ya mashine haiwezi kudanganya akumbuke mwaka wa 2013. David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha kwamba mashine za kunakili za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye karatasi. Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vya mita za mraba 21.11 na 17.42 vilitoka vikiwa 14.13. Hapakuwa na hila wala uchawi. Njia ya kubana picha iliona vipande viwili vinafanana, ikaweka kimoja mahali pa kingine. Herufi zilikuwa safi, mistari imenyooka, na nambari ni za uongo. Kilichookoa hali ni kwamba karatasi ya asili ilikuwepo, mtu akalinganisha. Hologramu ndiyo karatasi yetu ya asili.

Sasa tazameni watu wanaofanya hesabu hiihii kwa heshima zaidi. Rada za setilaiti nazo hupima fazi ili kujua ardhi imeinuka au imeshuka. Ile algorithimu ya 1988 niliyoitaja iliandikwa kwa ajili ya rada. Mwaka wa 2009 Juliet Biggs na wenzake walichapisha utafiti uliotumia rada hizo juu ya Bonde la Ufa hapa Kenya. Waligundua kwamba Longonot uliinuka karibu sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka karibu sentimita 21 katika 2006 na 2007, huku Suswa na Menengai zikiwa zimeshuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Wimbi la rada za namna hiyo ni sentimita 5.6, kwa hivyo mzunguko unajirudia kila sentimita 2.8. Piga hesabu: Longonot ni zaidi ya mizunguko mitatu, Paka ni zaidi ya saba. Yaani habari nzima inategemea kuhesabu mizunguko vizuri, tatizo lilelile la hadubini.

Tofauti iko wapi? Tangu setilaiti ya Sentinel-1 iliporushwa mwaka wa 2014, Shirika la Anga la Ulaya linatoa data zake bure, zikiwa na fazi ndani. Mwanafunzi wa Nakuru mwenye laptopu na subira anaweza kuzipakua na kuhesabu upya mlima anaouona dirishani. Anaweza kumkosoa profesa wa ng'ambo kwa hoja. Lakini hadubini iliyo kwenye meza ya chuo chake, iliyonunuliwa kwa kodi ya mama yake, haimruhusu. Chombo kilichoko mamia ya kilomita angani kiko wazi kuliko kilichoko chumba cha pili. Jamani.

WATAKAVYOJIBU

Nazijua hoja zao, nimezisikia.

"Hizo ni siri za biashara." Sawa, baki na msimbo wako. Mimi napenda programu huria lakini leo siombi msimbo. Naomba picha iliyopigwa na kamera niliyoilipia, ya sampuli iliyo mali yangu. Hakuna siri ya mtu ndani ya hologramu ya kitu changu. Na zipo mashine zinazokuruhusu kuihifadhi, kwa hivyo msituambie haiwezekani.

"Faili zitajaza diski." Hapo wameingia kwenye uwanja wangu. Hologramu ya pikseli 1,024 kwa 1,024, biti 8 kila pikseli, ni megabaiti moja. Ramani ya vimo ya ukubwa huohuo, kila kimo kikiwa nambari ya biti 32, ni megabaiti nne. Kibichi ni kidogo kuliko kilichopikwa! Hologramu elfu moja ni gigabaiti moja, zinaenea kwenye kijiti cha bei ya chakula cha mchana. Atakayekuambia hana nafasi anakuona mjinga.

"Watumiaji wengi si waandikaji programu, watazifanyia nini?" Wakenya hatupaswi kuulizwa swali hili. Katika uchaguzi wa urais wa 2022, picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 viliwekwa kwenye tovuti ya tume kila mtu azione. Wengi wetu hatukujumlisha hata fomu kumi. Lakini aliyetaka kujumlisha aliweza, na hilo peke yake lilibadilisha namna tunavyobishana. Ramani ya vimo ni jumla iliyotangazwa. Hologramu ni fomu ya kituo.

"Mashine imehakikiwa kwa kipandio cha kimo kinachojulikana." Vizuri, na iendelee kuhakikiwa. Lakini kipandio cha uhakiki ni kisafi na kimenyooka, ni mtihani ambao algorithimu zote hupita. Sampuli yako ina mikwaruzo na vumbi. Zaidi ya hapo, viwango vya ISO 25178 vya kupima nyuso vimejengwa juu ya vichujio: cha kuondoa umbo la jumla, cha kuondoa vijitu vidogo mno, cha kuondoa mawimbi marefu. Ukitangaza jinsi uso unavyoparuza bila kusema ulichuja nini, hujatangaza kitu.

Na wakija na tangazo lao la "usahihi chini ya nanomita moja", waulizeni: kwa upande upi? Hiyo ni kwenda juu tu. Kwenda kando, lenzi na urefu wa wimbi vinakubana kwenye nanomita mia kadhaa. Ile milima mirefu kwenye picha imevutwa juu ili ipendeze.

TUNACHODAI

Ndugu zangu mnaoandika zabuni, hebu ongezeni mistari mitano. Haiongezi bei ya lenzi hata moja.

1. Kila kipimo kihifadhi hologramu yake mbichi, katika muundo unaojulikana kama TIFF, bila kubanwa kwa namna inayopoteza data.
2. Pamoja nayo ziandikwe hali zote: urefu wa wimbi, ukuzaji wa lenzi, ukubwa wa pikseli, muda wa kamera kuwa wazi, na kwa mtetemo, kasi ya mtetemo, muda wa mmweko na umesogezwa kiasi gani.
3. Kila hatua iliyofanywa na programu itajwe kwa mpangilio wake na vigezo vyake, hata kama msimbo ni siri.
4. Muuzaji atoe hologramu za mfano, za kioo bapa na za kipandio kinachojulikana, ili tujaribu programu zetu wenyewe na kulinganisha majibu.
5. Leseni ikiisha au kijiti kikifa, faili za zamani ziendelee kufunguka.

Asiyekubali haya anakuuzia televisheni, siyo kipimo.

Na nyinyi wanafunzi wa kompyuta mnaolalamika kwamba miradi ya mwaka wa mwisho imekwisha, kwamba kila mtu ameshatengeneza mfumo wa kusimamia maktaba: huu hapa mradi. Hatua ya 2 na ya 3 zinaandikika kwa Python kwa mistari isiyozidi mia moja, badiliko la Fourier mkilikuta tayari ndani ya NumPy. Hatua ya 5 itawanyima usingizi, na ndiyo itakayowafundisha. Nendeni idara ya fizikia au ya uhandisi, gongeni mlango, ombeni hologramu moja. Mkiambiwa haipo, programu huitupa, ulizeni nani aliyekubali mashine ya namna hiyo inunuliwe. Ulizeni kwa adabu, lakini msiondoke kabla ya kujibiwa.

Gabor aliita uvumbuzi wake maandishi ya kitu kizima. Tusilipe bei ya kitu kizima na kupelekewa kipande.